Kumi na Tisa kwa Ishirini

"Sehemu ya maneno? Hiyo naipiga huku nimefumba jicho moja!" Profesa aliwatangazia wanawake wa saluni, akajipiga kifua mpaka kalamu ikamdondoka mfukoni.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa maabara ya maji, na jina hilo alipachikwa na wateja wa dada yake, msusi, tangu alipoanza kusomea kwenye benchi lao la kusubiria. Jumamosi angefanya mtihani wa kuingia shahada ya uzamili, na mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho kwake kukubaliwa. Hesabu hazikumtisha. Mwiba ulikuwa maneno: vifungu virefu kama foleni ya hospitali, halafu unaulizwa mwandishi alikuwa na maana gani. Kama mwenyewe alishindwa kusema, Profesa angejuaje? Alikuwa akifika mwisho wa kifungu, mwanzo wake umeshamtoroka.

Saluni aliipendea draya ya kukaushia nywele. Mteja akiingiza kichwa, saa yake inategwa dakika ishirini na tano, sawasawa na muda wa sehemu ya maneno. Ikilia, kalamu chini.

Siku ya kwanza ya kujipima kwa kitabu cha mazoezi alipata alama za kufichwa chini ya godoro. Dada alipouliza, ulimi ukasema kumi na tano. Dada alimkumbatia kwa mikono yenye povu, na kumbatio lile ndilo lililomponza. Angerudije nyuma? Majibu yalikuwa kurasa za mwisho za kitabu. Akachungulia moja, apate mwanga. Mwanga ukawa mchana kweupe.

Leo, Alhamisi, draya ikalia.

"Ngapi, mdogo wangu?"

"Kumi na tisa kwa ishirini, dada."

Dada akapiga kigelegele, chanuo juu. "Mnamsikia huyu? Nishampigia mama simu, nimemwambia chuo tumeshaingia! Hata huyu mwenyewe nimemwambia aage kazini kwake."

Profesa akacheka, kicheko kikavu kama biskuti. Keshokutwa kile chumba cha mtihani kingekuwa na yeye na woga wake tu.

Mama mshonaji, aliyekuwa amekaa chini ya draya na rola zake kichwani, akaisukuma mashine juu.

"Hongera, mwanangu. Ila nikuulize kitu."

"Uliza, mama."

"Hilo moja ulilokosa, ulikosaje? Maana mimi nimekaa mbele ya hiki kioo dakika zote ishirini na tano, na kila swali nimekuona ukifunua kule nyuma."

Maji ya bombani yakafungwa. Kwenye kioo Profesa aliona macho ya dada yake yakimtazama, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira.

"Nililikosa makusudi, mama," akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani. "Ili mniamini."