Kikohozi cha Dereva

Gari la shule halikuwa na honi. Kila asubuhi dereva alisimama kwenye geti la nyumba za kupanga, akakohoa, na watoto wakatoka na mabegi yao. Kilikuwa kikohozi kizito, cha kukwaruza, kinachoishia na mluzi mdogo kama wa birika. Hakuna mtaani asiyekijua.

Jumamosi moja kilisikika mapema. Watoto wa jirani walitoka mbio, mmoja kavaa sare juu ya nguo ya kulalia, wakasimama getini. Hapakuwa na gari. Kikasikika tena, nyuma yao, jikoni kwa msusi.

Msusi alimgeukia bintiye mdogo, ambaye kwa wingi wa maneno walimwita Kasuku.

"Acha kumwigiza mtu mzima."

"Simwigizi, mama. Kinatoka chenyewe."

Kikatoka. Katika kifua kile kidogo kilikuwa kama kabati lililosukumwa ndani ya banda la kuku. Kilipokwisha, midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi.

Daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu. "Hiki ni cha mtu wa miaka hamsini na ushee," alisema. "Dawa ya umri huo siwezi kumpa mtoto. Mwenyewe aje akichukue."

Jumatatu dereva ilimbidi ashuke kugonga geti. Msusi alikuwa anamsubiri.

"Mzee, umemwachia mwanangu kikohozi chako."

"Ala! Kumbe kiko kwako?" Dereva alijipiga kifua, kikalia kama ndoo tupu. "Nimekitafuta mpaka chini ya viti. Nikasema labda kimetoka nje. Lakini kitatokea wapi, mama? Madirisha hayafunguki."

Kweli hayakufunguka. Yalikuwa yamekazwa kwa skrubu, na juu ya vioo ilibandikwa picha moja ndefu ya watoto wanaocheka.

"Basi kichukue."

Dereva aliangalia viatu vyake. "Siku hizi nalala usingizi, mama. Niwie radhi."

Shuleni, mwalimu mkuu alimpokea msusi vizuri, akampa kiti.

"Tukifungua dirisha, Mama Kasuku, mtoto wa kwenye picha anakatika mdomo. Wazazi watatuelewaje?"

"Na wa ndani?"

"Wa ndani hawaonekani."

Msusi alitoka pale hajui kama amejibiwa au ameagwa. Shule ilikuwa mbali, gari lilikuwa hilo hilo, na wateja wake walitaka kusukwa kabla ya kwenda kazini.

Kesho yake alipanda na mwanawe. Hewa ya ndani ilikuwa ya jana, na nyingine ya juzi. Pumzi zilining'inia darini kama nguo zisizokauka. Alimpakata Kasuku, akamwambia akohoe, akapanua kinywa. Kikohozi kiliingia kwa tabu, kikajinyoosha, kikatulia. Watoto wengine hawakugeuka. Kasuku alianza kuongea na hakunyamaza mpaka shuleni. Mama yake alipokohoa, dereva alitazama kwenye kioo, akatikisa kichwa kama mtu aliyepishana na jamaa wa zamani.

Saluni, wateja waliuliza kama kuna mwanamume nyuma ya pazia.

"Hayupo. Tulia, nisije nikakuchana sikio."

Ijumaa jioni Kasuku alishuka garini kimya. Msusi hakupenda ukimya huo. Alimshika kifua, na mtoto akakohoa: kikohozi chembamba, kikavu, cha haraka haraka, kama mtu anayevunja vijiti. Msusi alikisikiliza mara ya pili, na ya tatu. Hakikuwa cha dada anayewapandisha watoto garini. Hakikuwa cha mtoto yeyote wa jirani.

"Cha nani hiki?"

"Sijui. Nilikikuta kwenye kiti."

Gari liliondoka, madirisha yote yakicheka. Msusi alipiga magoti kwenye vumbi, cha dereva bado kinamkwaruza kifuani.

"Haya, lete," alisema, akapanua kinywa.