Muhuri wa Chini ya Sahani

Enoch Tunnicliffe, mfinyanzi wa Burslem, alikwenda Stafford kumposa mjane Dorcas, akiwa amejiapiza kula kistaarabu. Kwao Burslem, mji wa wafinyanzi wa vyombo, mtu hagusi chakula kabla hajachungulia chini ya sahani kuona muhuri wa kiwanda. Stafford ni mji wa washona viatu, na watu wake wana adabu ya kuiacha sahani mezani.

Dorcas alipoingia jikoni kufuata viazi, Enoch akajiambia atatazama kidogo tu. Akainua sahani juu ya kichwa. Mchuzi wa nyama ukamshukia usoni, ukaingia kwenye kola aliyoipiga pasi asubuhi nzima.

"We mzee!" Dorcas alikuwa amesimama mlangoni. "Unaoga?"

"Bwege mimi," Enoch akasema, karoti sikioni. "Nimezeekea kwenye sahani, na bado sijui ipi juu ipi chini."

"Haya, ni ya kwenu?"

"Ya kwetu. Tena imepinda. Huenda niliipinda mwenyewe."

Dorcas akacheka hadi akaketi. "Nawa uso basi, useme ulichokuja kusema. Ila nikikukubali, utakula kwenye bakuli la mbao."