Upinde Uliopakwa Samli

Bhoke alikuwa amesema, na Bhoke akisema hageuki: hatavuka geti la marehemu baba yao kwa muziki wa spika. Dada zake wote walisindikizwa na zeze la baba siku ya kuolewa. Naye atatoka kwa zeze hilohilo, la sivyo bwana harusi arudi kwao Mugumu peke yake.

"Nitapiga mimi," alisema Werema, mdogo wake, kifua mbele. Zeze hakuwahi kulishika.

Alianza na upinde wa kulipigia. Nyuzi zake za katani zilikuwa kavu, zimegandwa na unga unaonata. Akaona aibu. Kwao Turwa kamba ya ngozi ikikauka hupakwa samli, na hakuna aliyejua kutunza kamba za nira kama yeye. Akazisugua nyuzi zikatakata, akazipaka samli zikang'aa.

Alipovuta, upinde uliteleza juu ya waya wa zeze bila sauti. Akakandamiza. Akakandamiza tena, mpaka mkono ukafa ganzi na zeze likakoroma.

"Unapiga au unachinja?" Shangazi Nyangi, dada wa marehemu, aliuliza kutoka uani alikokuwa akipepeta ulezi.

"Shikamoo, shangazi. Zeze limezeeka."

"Marahaba. Lete huo upinde." Akaunusa, akacheka hadi machozi. "Samli?"

"Ulikuwa mchafu."

"Ule uchafu ndio sauti, mwanangu. Ni ulimbo. Baba yako aliupaka kila alipokaa kupiga, ili nyuzi ziushike waya, ziuachie, ziushike tena. Wewe umeupaka mafuta kama bwana harusi."

Wakafunga katani mpya, wakaisugua ulimbo. Sauti ikaja, lakini ya kukwaruza. Shangazi akamkabidhi ungo.

"Pepeta."

"Mimi?"

"Kiwiko kitulie, kifundo cha mkono kilegee. Hujui kulegea, wewe."

Werema akakaza mkono, ulezi ukamwagika, kuku wakaukimbilia. Jirani yao Mogesi, aliyekuwa akipita, akasimama kwenye ua. "Nyangi, mahari ya huyo binti ni ng'ombe wangapi?"

Siku nyingine wangeshikana mashati. Werema aliinamia ungo, akapepeta. Ndivyo alivyofanya kila jioni, ungo kwanza, upinde baadaye, hadi siku ya harusi, na wimbo wenyewe alikuwa ameushika mwanzo wake tu.

Bhoke alisimama getini, kitenge kichwani. Mkono wa Werema ukataka kukakamaa. Akauacha upinde ulale kwenye waya kwa uzito wake wenyewe, akavuta taratibu kutoka shina hadi ncha. Katikati sauti ilikatika. Bhoke hakuinua mguu.

Akaurudisha upinde kwa kifundo kile cha ungo. Sauti ikatoka nzima, ndefu, na dada yake akavuka.

Werema aliendelea kuvuta mpaka gari likapotea upande wa Bomani. Shangazi hakuwa amemfundisha namna ya kumaliza.