Kinacholiwa Kwanza

Mwaka wa pili wa vita vya Maji Maji, Abdurahmani alirudi kwa Fakihi, mhunzi wa Kivinje, na bawaba ya usukani iliyoliwa na kutu hata ikabaki nyembamba kama mwiba wa samaki. Ilikuwa ya tatu tangu aivike mashua yake mabamba ya shaba kuzuia wadudu wanaotoboa mbao.

“Fundi, chuma chako kibovu,” alisema.

Chuma kilikuwa kile kile cha miaka yote, na sasa Fakihi hakuwa na kingine. Akida wa Wajerumani alikwisha kukataza wahunzi wasipewe chuma, akihofia wangewafulia waasi mikuki.

Sikina, mke wa Fakihi, aliacha mivukuto akaichukua ile bawaba. Upande uliogusa shaba ndio uliolika zaidi.

“Na shaba ina kutu, baba?” alimwuliza Abdurahmani.

“Hata. Inang’aa.”

Hapo Sikina akakumbuka kasha moja uani kwa Dawoodbhai, mwenye duka. Lilikuwa limetandikwa zinki ndani, likarushiwa maji ya chumvi safari nzima ya baharini. Zinki ilikuwa imetoka unga mweupe na kutoboka, lakini misumari ya chuma iliyoishika ilikuwa mizima. Kwa nini huku chuma kiliwe, na kule kisalimike?

Alimwomba Dawoodbhai kipande cha zinki. Nyumbani akajaza maji ya bahari katika vifuu vitatu, akatia msumari katika kila kimoja: wa kwanza peke yake, wa pili umezungushiwa waya wa shaba, wa tatu umefungwa kwa zinki.

“Unapika nini?” Fakihi alimtania.

“Subiri.”

Siku ya nne wote wawili waliviinamia vifuu. Msumari wa peke yake ulikuwa na kutu. Uliozungushiwa shaba ulikuwa umezama katika tope jekundu. Wa tatu ulikuwa safi, ila zinki yake imefifia na kuota unga.

“Maji hayaachi kula,” Sikina alisema taratibu, kama anayejisikiliza. “Yanachagua tu. Shaba ni ngumu kuliwa, basi yanageukia chuma. Yakikuta zinki, hiyo ni laini kwao kuliko chuma, yanaanza nayo.”

Fakihi aliugeuza msumari mara mbili, tatu. Kisha akainuka kutafuta nyundo.

Abdurahmani alikataa kubandua shaba yake. Basi Fakihi alisugua bawaba ya mwisho aliyokuwa nayo, akaifungia bamba nene la zinki, ili vikae vimegusana, chuma kwa zinki, chini ya maji.

Baada ya miezi mitano mashua ilipandishwa mchangani. Abdurahmani aliinama, akakunja uso.

“Fundi, zinki yako imekwisha nusu.”

“Na bawaba?” Sikina aliuliza.

Abdurahmani aliipapasa. Akautikisa usukani ukiwa umening’inia. Bawaba ilishika imara.

“Nzima,” alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetaka kuelezwa.

Fakihi ndiye aliyemweleza, kwa maneno ya mkewe, wakifunga bamba jipya. Sikina hakukaa kusikiliza. Alikuwa amemwomba mvuvi mmoja kipande cha risasi, madini mazito ya kuzamishia mshipi wa kuvulia, akaenda kutafuta kifuu cha nne. Alitaka kujua risasi inakaa upande gani, wa shaba au wa zinki.