Sombe la Kamanda Phinées

Kaswera alizika wazazi wake wote wawili kabla hajafikisha miaka ishirini, na vita vilimchomea nyumba mara moja. Hayo aliyameza. Lililomkwama kooni ni jingine: kwamba alimlisha muuaji wa mume wake kwa mikono yake mwenyewe, siku thelathini na moja, na kila jioni akampigia Mungu magoti kushukuru.

Mume wake aliitwa Mumbere, fundi wa baiskeli huko Mulekera, upande wa Beni. Mwaka wa elfu mbili waasi waliotawala mji walimkamata eti ametengeneza gurudumu la Mayi-Mayi, wanamgambo waliokuwa wakiwapinga. Fundi gani anamwomba mteja kitambulisho kabla ya kuziba tundu? Walimtia ndani ya shimo walilochimba nyuma ya kambi yao, wakafunika kwa mbao na mawe. Walikuwa wamejazana humo watu kumi na wanne, wakijisaidia pale pale walipokuwa wanalala, na mvua ikinyesha maji yanawafika magotini. Msimamizi wa shimo hilo alikuwa kamanda Phinées.

Mfungwa kule kwetu hali chakula cha serikali, kwa sababu hakuna. Anakula akipelekewa na watu wake. Asiye na watu, basi, ajihesabu marehemu. Kwa hiyo kila siku Kaswera alipika bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akatia samaki wa chumvi wa ziwani Kyavinyonge, lakini kwanza alimchoma juu ya makaa mpaka ngozi iwe nyeusi, ndipo akamponda ndani ya majani. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Pale kambini kamanda Phinées alimwamuru aonje mbele yake asije akaleta sumu. Aonje bugali, aonje sombe. Kisha sufuria inachukuliwa ndani, na yeye anangoja jua likimchoma mpaka arudishiwe.

Siku tisa za kwanza sufuria ilirudi na tonge moja chini, limefinyangwa vizuri. Lilikuwa la binti yao Bénite, maana Mumbere hakuwahi kumaliza chakula bila kumwachia mtoto. Siku ya kumi sufuria ikarudi imekombwa, safi kabisa. Jamani, Kaswera alifurahi! Alisema moyoni, mume wangu amepata hamu ya kula, afya imerudi. Akaongeza samaki. Akakopa mawese kwa jirani. Kesho yake sufuria ilirudi safi, na kesho kutwa, na siku zote zilizofuata.

Kisha mtu mmoja anayeitwa Edmond, aliyefungwa pamoja na Mumbere, akaachiliwa, akafika nyumbani amevimba miguu. Akamkuta Kaswera anatwanga sombe.

“Mama Bénite, unamupikia nani?” aliuliza.

“Si ni bwana yangu?”

Edmond akakaa chini, akamweleza. Mumbere alikuwa amekufa mwezi mzima nyuma. Siku ile ile sufuria ilipoanza kurudi safi, na aliyekuwa akiikomba ni Phinées.

Kaswera hakulia siku hiyo. Alimwaga sombe lote uani, akakanyaga kwa miguu miwili. Edmond akavuka kwenda Uganda na hajasikika tena. Kaswera akamchukua Bénite, akahamia Butembo kwa dada yake, mtaa wa Mususa, akauza maharagwe, akaingia katika kundi la mama wa kanisa. Watu walisema huyu mama ana imani. Imani ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na chuki mbichi kabisa.

Miaka miwili ikapita. Waasi wakagombana wao kwa wao, kama ilivyo kawaida yao, na wakubwa wa jana wakawa wafungwa wa leo. Jumatano moja mama wa kanisa walipeleka chakula gerezani, nyumba ya watu thelathini iliyopakiwa watu mia na arobaini. Walilala kwa zamu. Upele uliwala mpaka kope. Wengi walikuwa na miezi wamo humo na hakuna jaji aliyewahi kuwauliza wanaitwa nani. Kaswera alikuwa ameshika upawa, anapakua, na sahani ya bati ikanyooshwa mbele yake na mkono wenye kidole gumba kilichokatika. Mkono huo aliujua. Ndio uliokuwa ukipokea sufuria.

Akainua macho. Alikuwa Phinées, mifupa mitupu, ndevu zimejaa chawa. Hakumtambua Kaswera. Angemtambuaje? Kule Beni alikuwa anatazama sufuria tu, uso wa mama hakuwahi kuutazama.

Upawa ukamruka, ukamtilia aliyekuwa nyuma yake.

“Mama, mimi bado,” Phinées alisema.

“Imekwisha,” Kaswera akajibu, na huku sufuria imejaa nusu.

Moyo wake ulipata raha, na mimi sitamsingizia huzuni asiyokuwa nayo. Kabla ya kutoka alimwendea kapita, mfungwa mkubwa anayewatawala wenzake, akamweleza huyo ni nani. Tangu hapo hakuna aliyemgawia Phinées hata punje. Yeye ni mtu wa mbali, hana dada wala shangazi hapa Butembo. Jumatano ya pili alikuja kwenye foleni akishika ukuta. Ya tatu hakuja. Alikuwa amelala uani, na Kaswera alipita karibu makusudi, harufu ya samaki ipite puani mwake.

Siku hiyo kulikuwa na mwanaume anayeitwa Mathe, wa chama cha haki za binadamu, na daftari lake. Alikuwa anaandika majina ya watu wasio na dossier, yaani faili la kesi. Alipouliza kwa nini yule anakufa wakati wenzake wanakula, kapita akamwonyesha Kaswera kwa kidevu.

Mathe akamvuta pembeni. Kaswera akamwambia yote, bila kuficha.

“Mimi ninataka akufe,” alisema. “Akufe na njaa, pole pole. Papa Mathe, usinizungumuzie haki ya binadamu. Bwana yangu haki yake ilikuwa wapi?”

“Ndani ya kinywa ya ule mutu,” Mathe akajibu. “Edmond alishaenda, hakuna mwingine wa kusema. Huyu akikufa leo, kesi ya bwana yako inakufa naye. Watamuzika hapa kama mufungwa aliyeonewa, na mimi ndiye nitaandika vile, juu itakuwa kweli.”

 Hilo Kaswera hakuwa amelifikiria: Phinées kuonewa huruma na daftari.

“Basi tumuambie aseme, ndipo atakula.”

“Hapana, mama. Maneno ya njaa mimi siandike. Si ni vile balifanyaka bwana yako? Balimunyima chakula ataje Mayi-Mayi. Mufungwa anakula kwanza. Kiisha anaulizwa, na anajibu kama anapenda.”

Kaswera alikwenda nyumbani amefura kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa kwa Mathe, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kesho yake alipika uji, akaupeleka. Askari wa mlangoni alimwambia aonje, akaonja. Akamnywesha Phinées kijiko kwa kijiko, akimlaani kimoyomoyo kila anapomeza. Kesho kutwa uji tena. Halafu maharagwe. Halafu bugali. Wiki nne, kila siku kutoka Mususa kwa miguu, na dada yake akimwuliza kama amerukwa na akili.

Mashavu ya Phinées yakarudi. Akaanza kutembea, akaanza hata kutania. Akamwita Kaswera “mama yangu”, naye akaitika, meno yakimuuma kwa kuyakaza.

Ijumaa moja Kaswera alipika sombe. Mathe alikuwa amekaa uani na daftari, na Phinées, aliyeshiba wiki nne, alikuwa anamlalamikia kwa sauti ya mtu mwenye haki zake.

“Andika, papa. Banatuweka humu bila juge, bila kesi. Banatulalisha kama mbuzi. Hii si muzuri hata kidogo.”

“Niko naandika,” Mathe alisema.

Kaswera akaweka sahani. Phinées akachovya tonge, akatafuna, akafumba macho.

“Mama yangu, hii sombe! Nilikulaka kama hii Beni. Samaki ya kuchoma mbele ya kutia.”

“Beni fasi gani?” Mathe akauliza, kalamu haikusimama.

“Kule kwa shimo yetu. Mama mumoja alikuwa analeta kila siku. Mufungwa wake alikuwa alishakufa, lakini yeye hakujua. Tukamuacha alete tu. Karibu mwezi muzima.” Akacheka kidogo, akachovya tena.

“Alikufaka na nini?”

“Maji. Mvua ilinyesha, shimo ikajaa, banalia bafunguliwe. Mimi nilisema hapana, bakae. Ule alikuwa na homa, akaanguka ndani. Tulimuzika nyuma, penye migomba.”

“Jina yake?”

“Jina? Nani aliulizaka jina?”

“Mumbere,” Kaswera akasema. “Aliitwa Mumbere. Andika, papa Mathe, na mimi ndiye ule mama.”

Phinées akamtazama. Kwa mara ya kwanza akamtazama uso. Tonge likabaki mkononi, kisha akasukuma sahani kwa nguvu, akajishika tumbo.

“Umetia sumu.”

Kaswera akachota tonge kutoka sahani ile ile, akala, akameza, akafungua kinywa amwonyeshe.

“Sumu ya nini? Wewe nakutaka muzima. Juge ataitwa, na utasimama mbele yake na miguu yako, unenepe vizuri, urudilie yote ile mbele ya mutoto yangu. Kiisha watakufunga, na mimi nitakuletea chakula kila siku, miaka yote watakukatia. Kula.”

Mathe alimsomea Phinées alichoandika, akamwambia anaweza kukataa kutia alama ya kidole. Wafungwa walikuwa wamesogea, wamesikia kila kitu, na kapita alikuwa amesimama mlangoni. Phinées akatia kidole.

Kesho yake Kaswera alirudi na sombe jingine. Phinées aliposikia sauti yake akimsalimu askari mlangoni, akaanza kulia. Kaswera akangoja anyamaze, kisha akampakulia.