Mlinzi Aliyetumwa Kucheza

"Unaurushia mti, Alphée! Kidubwana yuko kushoto!"

Alphée Robichaud akageuka kushoto, akatelezesha kidole kwenye kioo cha simu, na mpira mdogo mwekundu ukapaa ukaangukia pasipo kitu. Kidubwana, mnyama mnene wa bluu mwenye masikio mapana kama majani ya kabichi, akampungia mkono akatoweka. Watu walioegemea uzio wa kambi wakaangua kicheko.

"Miaka yote hiyo langoni hujakosa gari hata moja," akasema muuza samaki, "leo unashindwa na panya wa simu!"

"Panya ningemwona kwa macho yangu," Alphée akajibu, akijifuta jasho.

Tatizo ni kwamba hakutakiwa kujulikana. Kiangazi hicho mchezo wa kuwinda vidubwana kwa simu ulikuwa umewapanda watu kichwani mji mzima. Na waliotengeneza mchezo, kwa sababu wanazozijua wenyewe, waliweka mnara wa kukusanyia vidubwana, unaoonekana kwenye simu tu, juu ya kifaru cha zamani ndani ya kambi ya jeshi ya Pointe-Sapinière, karibu kabisa na uzio. Jioni watu walifurika pale na simu zao. Kapteni Whitlock, mgeni kutoka Ottawa, alikosa raha. Akamwita Alphée, mlinzi mkongwe wa lango, akampa simu ya kazi.

"Vaa kiraia," alimwambia. "Cheza. Changanyika nao. Nataka kujua ni akina nani na wanatafuta nini."

Alphée akavaa shati la maua. Jioni ya kwanza padri alimsalimu kwa jina, mama wa kwaya akamuuliza goti linaendeleaje, na Léontine Haché, dereva wa basi la shule, akamtazama kuanzia kichwani hadi chini.

"Shati limekupendeza," akasema. "Ila viatu vya jeshi umevisahau miguuni."

Hata hivyo aliendelea kwenda, maana amri ni amri, na nyumbani kulikuwa na runinga tu iliyomsubiri tangu mkewe afariki. Taarifa zake kwa Kapteni zilikuwa fupi. Muuza samaki anatafuta kidubwana mwenye mapezi. Padri anadanganya, anacheza kwa simu mbili. Kapteni alisikiliza akigongagonga meza kwa kalamu.

Léontine ndiye aliyemfundisha kurusha. Walitembea pamoja kando ya uzio, upande wa kaskazini, wakila buluberi, matunda madogo ya porini, kutoka kwenye kopo la kahawa, yeye mbele kwa hatua za haraka za mtu aliyezoea kuwahi, Alphée nyuma na goti lake.

"Kidole chako kizito, bwana wee. Hufungui lango, unarusha mpira. Taratibu!"

"Mwanao bado yuko Alberta, kule mbali magharibi?" Alphée alimuuliza siku moja.

"Yuko."

"Kwenye visima vya mafuta?"

"Kwenye mafuta," alisema Léontine, akainua simu juu ghafla kana kwamba kuna kidubwana kapita angani.

Ijumaa moja Kapteni akamwita ofisini, akamgeuzia kompyuta. Ilikuwa ramani ya wilaya nzima, na juu yake nukta nyekundu iliyoburuta mstari mwembamba.

"Hii ni simu ya yule mama wa basi," akasema Kapteni. "Mchezo unajua simu iko wapi. Kuna kampuni inakusanya, nasi tunanunua. Halali kabisa. Sasa tazama: kila jioni yuko kaskazini, chini ya milingoti yetu ya redio. Na kila Jumapili..." Kidole chake kikafuata barabara hadi ndani ya msitu, kikasimama kwenye mraba wa kijivu. "Gerezani. Anamtembelea nani? Wewe ni rafiki yake. Mdodose kijanja."

Alphée akautazama ule mraba. Visima vyote vya mafuta vya Alberta vilikuwa pale, katikati ya misonobari, mwendo wa asubuhi moja tu kwa gari. Akajisikia kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha.

"Na hii nyingine?" akauliza, ili aseme neno lolote.

Kapteni akatabasamu. "Hiyo ni wewe. Kila Jumatano, kwenye chumba cha chini ya ukumbi wa parokia. Saa nzima unazunguka, unarudi, unazunguka. Vijana wangu wamebishana sana. Mmoja anasema ni tumbo la kuendesha. Si ulituomba ruhusa ya kwenda kunyooshwa goti?"

Masikio ya Alphée yakawaka. Jumatano alikuwa akijifunza kucheza dansi, yeye na wajane watano, ili siku ya sikukuu ya Agosti asikae tena kwenye benchi kulinda mikoba ya watu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Kapteni," akasema, "mimi langoni nikitaka kumjua mtu namsimamisha. Anashusha kioo. Ananiona, namwona. Namuuliza jina, na akitaka kunitukana ananitukana papo hapo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo taarifa yangu ni kwamba mama yule anawinda vidubwana. Hayo mengine ni yake. Ukiyataka, nenda kamuulize wewe."

Akaiweka simu ya kazi mezani. Kapteni Whitlock hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amezoea kutiiwa. Akashusha pumzi.

"Kuanzia Jumatatu uko lango la takataka. Zamu ya alfajiri."

"Sawa, Kapteni."

Alipofika mlangoni akaitwa tena. "Robichaud. Kule chini ya ukumbi, kwa kweli, ni nini?"

"Ni goti, Kapteni."

Jioni ile alimkuta Léontine uzioni akimimina chai kutoka kwenye chupa. Akamweleza yote bila kuzunguka: nukta, kampuni, barabara ya msituni. Léontine aliishika simu yake kwa ncha za vidole, kama kitu kilichokohoa ghafla mkononi mwake.

"Umewaambia ni nani yuko kule?"

"Simjui aliye kule. Wala sikuulizi."

"Na ulipokuwa unaniuliza habari za Alberta?"

"Huo ulikuwa umbea wangu mwenyewe. Hilo sikutumwa."

Léontine akafunga chupa yake ya chai, akaingia garini, akabamiza mlango. Alphée akabaki amesimama, mikono ikining'inia, akijua kwamba gari lile likiondoka hataweza kulisimamisha. Injini ikawaka. Halafu kioo kikashuka.

"Wewe je, walikukuta wapi?"

"Chini ya parokia."

"Unafanya nini chini ya parokia?"

"Najifunza dansi."

"Na nani?"

"Wanawake wapo watano, na mwalimu ni wa sita, tayari wamepatana wawili wawili. Mimi nimepewa ufagio nicheze nao."

Léontine akakaza midomo. Haikusaidia. Kicheko kilimtoka kwa nguvu hata akalalia usukani, honi ikalia, na watu wote wa uzioni wakageuka.

"Anakukanyaga?" aliuliza, akifuta machozi.

"Hapana. Mimi ndiye namkanyaga."

Akamfungulia mlango wa pili. Wakakaa ndani wakitazama kifaru nyuma ya uzio, na Léontine akasema mwenyewe, bila kuulizwa.

"Ni Rémi wangu. Alichukua cha watu, akakamatwa. Mwanzoni nilikuwa nikienda tunaangaliana tu, naishiwa maneno, nalia, naye analia. Ndipo akaniambia, mama, kuna mchezo watu wanacheza huko nje, ucheze halafu unihadithie. Simu haziingii mle ndani. Basi namhadithia kwa mdomo na mikono: huyu ana pembe, huyu anaruka hivi. Siku hizi hata askari wa gereza husogeza kiti kusikiliza."

"Uwaambie na mimi nilivyokosa yule wa bluu."

"Wanakujua wewe! Wanakuita Bwana Mti."

Alphée akacheka, kisha akaitazama simu ya Léontine. "Jumapili hii," akasema, "hiyo simu si itakuwa inahitaji kupunga upepo pwani badala ya msituni?"

Jumapili asubuhi gari la Léontine lilisimama mbele ya nyumba yake. Mkono ukatoka dirishani na simu, Alphée akaipokea, na gari likashika barabara ya msituni. Akaitia simu katika mfuko wa shati, akashuka pwani ya ghuba bila haraka. Maji yalikuwa yamekupwa, shakwe wakigombea kaa. Alipita jiwe la wavuvi, akasimama, akageuka, akaendelea.

Simu ikatetemeka kifuani. Akaitazama: kidubwana ambaye hakuwahi kumwona, mwenye manyoya ya dhahabu, alikuwa akielea mbele huko juu ya maji, mbali kidogo tu kuliko mpira unavyofika.

Alphée akakunja suruali. Maji yalikuwa baridi, yakampanda vifundoni, kisha magotini, naye akaishika simu juu kwa mikono miwili. Na kule kambini, kwenye kioo cha kompyuta ya Kapteni, nukta ya Léontine Haché iliacha nchi kavu na kuingia baharini, polepole.