Ruhusa ya Nyota

"Usinishike!"

Waziri aliuvuta mguu wake mzima, akajibana ukutani. Nyota, mke aliyemwoa tangu enzi za Wabelgiji, alibaki ameinama, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mkononi.

"Papa Amuri, ni mimi, Nyota."

"Unafanana naye kabisa," alisema, mdomo ukimwenda upande. "Lakini weye uko mwanamke wa watu, mama. Bibi yangu alivuka mto kwenda Lubunga. Atarudi."

Nyota akamwonyesha kanzu waliyokuwa wakiishona siku ile ndege ziliposhusha askari kwenye uwanja wa Simi-Simi, naye Waziri akaangukia cherehani. Waziri hukata na kushona, Nyota hutia matundu ya vifungo. Waziri akapapasa tundu moja kwa dole gumba.

"Hii iko mkono ya Nyota. Umeiiba wapi?"

Muuguzi Célestin alikwisha kumweleza: kiharusi kimeharibu mahali kichwani, macho yanaiona sura, moyo haupati habari. Kisha alikitazama kidonda cha nyongani. "Asipooshwa kila siku, mama, kitafika mfupa." Na Amuri, mtoto wao, ambaye angemwosha, aliwafuata waasi msituni, hajulikani aliko.

Nyota akapiga magoti. "Basi unioe. Nikiwa mke wako nitakuosha, hakuna haramu."

Waziri akacheka kicheko chake cha zamani, kwa nusu ya uso. "Bon! Wanawake wa siku hizi za vita hawana haya. Hapana, mama, mpaka Nyota akubali. Yule nikimletea mke mwenza bila kumuuliza, atanishona mdomo."

Nyota akapita nyuma ya pazia ili alie. Machozi hayakuja, likaja jina.

"Papa Amuri."

Kitanda kikalia. "Nyota? Umevuka?"

Sauti bila sura: hiyo Waziri aliijua.

"Nimevuka."

"Umechelewa! Nimekungoja mpaka masikio yamechoka." Akashusha sauti. "Kuna mama mmoja hapa anataka nimwoe. Iko mwema. Lakini amevaa uso wako, ninamwogopa."

"Usimwogope. Nimekubali, mwoe. Akuoshe."

"Kweli, hautakasirika?"

"Sitakasirika."

Kisha Waziri, kwa sauti ambayo Nyota hakuwa ameisikia tangu ujana wao, akasema, "Bon. Ingia sasa, nikuone."

Mkono wa Nyota ulikuwa umeshalishika pazia. Alimsikia akihangaika kujiinua, akivuta pumzi, akijipangusa uso.

"Usicheke ndevu zangu, eh. Zimekua sana."

"Sicheki," alisema Nyota. "Nakuja."

Hakusogea.